Kilo 52 kati ya 80, au 61 kati ya 95: mashine ipi imetoa zaidi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nalima mpunga na kuuza mchele hapa Igurusi, Mbarali. Msimu huu nimekoboa kwenye mashine mbili. Ya kwanza nilipeleka kilo 80 za mpunga nikatoka na kilo 52 za mchele. Ya pili nilipeleka kilo 95 nikapata kilo 61. Baba watoto anasema ya pili ndiyo nzuri kwa sababu imetoa mchele mwingi. Mimi naona ya kwanza, ila kueleza siwezi. Binti yangu wa darasa la sita akasema tugeuze ziwe asilimia. Akapiga hesabu, akapata 153, akafuta yote huku analia. Nusu na robo nazijua, lakini namba kama hizi zinanishinda, na simu mara nyingi haina chaji. Naomba unieleweshe namna ya kugeuza sehemu kuwa asilimia kwa kichwa au kwa kalamu.

JIBU: Marahaba, mama. Kwa uzito wa mchele peke yake, umeona sawa. Mashine ya kwanza imetoa asilimia 65, ya pili asilimia 64.2. Lakini usiende kumshinda baba watoto leo, kwa sababu kuna kitu kimoja hamjakipima, nacho kinaweza kumpa yeye ushindi. Nitakifikia. Na binti asifute tena hesabu zake kabla hujanisoma hadi mwisho. Ile 153 ina maana yake.

Tuanze na neno lenyewe. Shuleni, ukiandika 52/80, namba ya juu tunaiita kiasi na ya chini tunaiita asili. Asili ni kitu kizima, pale ulipoanzia: kilo 80 za mpunga ulizoshusha mashineni. Kiasi ni kile unachokitafuta ndani yake. Sasa lisome polepole neno asilimia: asili, mia. Ni sehemu ambayo asili yake ni mia, basi. Unapogeuza sehemu kuwa asilimia unajiuliza hivi: kama ningepeleka kilo 100 badala ya 80, na mashine ikafanya kazi ileile, ningetoka na kilo ngapi?

Ndiyo maana huwezi kulinganisha 52 na 61 moja kwa moja. Baba watoto ameangalia kiasi akasahau asili. Mashine ya pili ilipewa mpunga mwingi zaidi, kwa hiyo ingeweza kutoa mchele mwingi zaidi hata kama inapoteza. Ukizipa zote mia, zinasimama mahali pamoja, na hapo ndipo unaweza kuhukumu.

Njia ya kwanza ni kuifanya asili iwe 100 kwa kuzidisha au kugawanya juu na chini kwa namba ileile. Chukua 52/80. Zote mbili zinagawanyika kwa 4: 52 inakuwa 13, 80 inakuwa 20. Umebaki na 13/20. Ishirini inaingia kwenye mia mara 5, basi zidisha na juu kwa 5: 13 mara 5 ni 65. Asilimia 65. Huhitaji simu wala kalamu. Njia hii inafaa sana pale asili inapokuwa 2, 4, 5, 10, 20, 25 au 50, au inaposhuka hadi kwenye mojawapo ya hizo kama 80 ilivyofanya. Alama za binti yako nyingi zitakuwa za namna hiyo. Akikuletea 34 kati ya 50, zidisha kwa 2, ni asilimia 68. Akikuletea 17 kati ya 25, zidisha kwa 4, nayo ni 68. Ni alama sawasawa, hata kama kwa macho 34 inaonekana kubwa.

Lakini 61/95 haikubali kurahisishwa. Namba za namna hii ndizo zinazowatisha watu, kwa hiyo nitakaa nazo kidogo.

Kwa kalamu, ongeza sifuri mbili kwenye kiasi kisha gawanya kwa asili. 61 inakuwa 6100. Je, 95 inaingia mara ngapi kwenye 6100? Mara 60 ni 5700, inabaki 400. Mara 4 ni 380, inabaki 20. Hapo umeshapata 64 na baki ya 20. Ukitaka nukta, ongeza sifuri kwenye baki: 200 gawanya kwa 95 ni 2, inabaki 10. Kwa hiyo ni 64.2 na kidogo. Ishia hapo. Mizani ya pale mashineni haiwezi kukuhakikishia nukta ya pili, kwa nini wewe uitafute?

Kwa kichwa, fanya ninavyofanya mimi nikiwa sokoni Mwanjelwa. Siigusi ile 61 kwanza. Naanza na asili, nauliza: asilimia 10 ya 95 ni ngapi? Kupata asilimia 10 unasogeza nukta hatua moja tu: 9.5. Asilimia 1 unaisogeza hatua mbili: 0.95, yaani kilo moja pungufu kidogo. Mkononi una vipimo viwili, kikubwa cha 9.5 na kidogo cha 0.95. Sasa jaza kuelekea 61 kama mtu anayejaza ndoo kwa kopo. Vikubwa sita ni 57. Bado kilo 4. Vidogo vinne ni 3.8. Bado 0.2, ambayo ni kama humusi, yaani moja ya tano, ya kipimo kidogo. Vikubwa sita na vidogo vinne ni 64, na chenji ya 0.2. Jibu ni lilelile la kalamu. Ukiizoea njia hii kwa wiki moja, utaona unakadiria asilimia wakati mwenzako bado anatafuta kikokotoo kwenye simu.

Kuna sehemu chache ambazo ni vizuri kuzijua kama unavyojua majina ya wanao, kwa sababu zinakupa pa kuegemea kabla hujapiga hesabu yoyote. Nusu ni 50, robo ni 25, robo tatu ni 75. Moja ya tano, ile wazee waliiita humusi, ni 20. Moja ya nane, thumuni, ni 12 na nusu. Theluthi ni 33 na theluthi, theluthi mbili ni 66 na theluthi mbili. Moja ya sita ni nusu ya theluthi, yaani 16 na theluthi mbili. Ukiitazama 61/95 ukiwa na hizi kichwani, unajua mapema kwamba imezidi nusu na inakaribia theluthi mbili, kwa maana theluthi mbili ya 95 ni 63 na kitu. Basi mtu akikuletea jibu la 46 au 81, unalikataa hata kabla ya kujua kosa lake.

Theluthi naomba uiheshimu kipekee, kwa sababu haiishi. Gawanya 100 kwa 3, utapata 33, kisha nukta, kisha 3 zisizo na mwisho. Watu wakichoka wanaandika asilimia 33 na kuendelea. Kwenye maneno haina shida, kwenye fedha za watu ina shida. Chukua wanawake watatu wa kikoba wanaogawana faida ya shilingi 900,000 sawa kwa sawa. Katibu akiandika kila mmoja asilimia 33, kila mmoja atapokea 297,000, jumla 891,000. Kuna 9,000 imebaki mezani haina mwenyewe, na hapo ndipo maneno yanapoanzia. Fedha inayogawanywa kwa tatu, igawanye kwa tatu. Asilimia ni ya kulinganisha na kueleza. Kama sehemu yenyewe inakupa jibu safi, kaa na sehemu.

Sasa nirudi mashineni, kwa sababu hapo kuna jambo kubwa kuliko kugawanya.

Wakati mchele unatoka, chota kiganja kimoja uutandaze kwenye ungo. Utaona punje nzima na utaona zilizovunjika, chenga. Hicho ndicho kitu ambacho hamjakipima. Tuseme kwenye kilo 52 za mashine ya kwanza, chenga ni kilo 13. Kwenye kilo 61 za mashine ya pili, chenga ni kilo 6. Namba hizi nimezitunga, za kweli utazipata kwako kwa chekeche na mizani. Mwenye mashine ya kwanza ukimuuliza chenga ni asilimia ngapi, anaweza kukujibu 25, na hajadanganya, kwa sababu 13/52 ni robo kamili. Anaweza pia kukujibu 16, na hajadanganya, kwa sababu 13/80 ni 16.25. Kilo ni zilezile 13. Kilichobadilika ni asili: mara ya kwanza amezitoa kwenye mchele, mara ya pili amezitoa kwenye mpunga. Kila ukisikia neno asilimia, swali lako la kwanza liwe: ya nini? Mtu asipojibu hilo, namba aliyokupa haina kazi.

Endelea na mfano huohuo. Mchele mzima wa mashine ya kwanza ni 52 toa 13, yaani 39 kati ya 80, ambayo ni asilimia 48.75. Wa mashine ya pili ni 61 toa 6, yaani 55 kati ya 95, ambayo ni kama asilimia 57.9. Ghafla mashine ya pili iko mbele, na mbali. Tuseme mchele mzima unauzwa 2,500 kwa kilo na chenga 1,500. Ya kwanza inakupa 97,500 na 19,500, jumla 117,000 kutoka kilo 80 za mpunga, yaani shilingi 1,462 na senti 50 kwa kila kilo ya mpunga uliyopeleka. Ya pili inakupa 137,500 na 9,000, jumla 146,500 kutoka kilo 95, yaani kama shilingi 1,542 kwa kilo. Kwa mahesabu hayo baba watoto ndiye angekuwa sahihi, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. Ndiyo maana nilikuambia usimshinde leo.

Kama chenga zingekuwa sawa mashine zote mbili, je, ile tofauti ya 65 na 64.2 ina uzito gani? Ukikoboa magunia 20 yenye kilo 80 kila moja, una kilo 1,600 za mpunga. Asilimia 65 yake ni kilo 1,040, asilimia 64.2 ni kilo 1,027 hivi. Tofauti ni kilo 13, ambazo kwa bei tuliyoitumia ni shilingi 32,500. Si ya kudharau, lakini kama mashine nzuri iko mbali na bodaboda anachukua zaidi ya hiyo, utaamua mwenyewe. Na kabla ya kuamua, hakikisha mpunga uliopeleka kila mashine ulikuwa wa mbegu moja na umekauka sawa. Mpunga mbichi unapungua uzito na kuvunjika, mpunga uliokauka kupita kiasi nao unavunjika, na lawama inaishia kwa mashine.

Ganda la mpunga peke yake ni kama moja ya tano ya uzito, asilimia 20, na pumba laini zinachukua nyingine 10 hivi. Kwa hiyo mchele mweupe ukizidi asilimia 70 na kidogo, kuna kitu hakijakaa sawa. Mtu akikuambia mashine yake inatoa 80, mwombe mpime pamoja.

Tena pima kwa mizani juu na chini. Nimewaona watu wakisema gunia limetoa debe kadhaa za mchele, kisha wanataka asilimia. Gunia si kipimo kimoja. Lililojazwa lumbesa na lililofungwa kawaida yanapishana sana, na debe hupima ujazo wakati wewe unahesabu uzito. Kilo juu, kilo chini. Vinginevyo asili yako ni ya kubuni.

Swali hilo la "ya nini?" lilikaribia kuvunja kikundi kimoja nilichokuwa mlezi wake huku Mbeya. Kilikuwa na wanachama 30. Katiba yao ilisema kubadili kiwango cha hisa kunahitaji theluthi mbili ya wanachama wote. Siku ya mkutano walifika 24, wakakubali 18. Mwenyekiti akatangaza: 18 kati ya 24 ni robo tatu, asilimia 75, imepita. Mweka hazina, mama mmoja mtulivu sana, akasimama na daftari akasema: 18 kati ya 30 ni tatu ya tano, asilimia 60, haijapita, zinahitajika kura 20. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi. Iliyolingana na katiba yao ni ya mama yule, kwa sababu katiba ilishataja asili: wanachama wote. Katiba ya nchi yetu nayo, ibara ya 98, inapotaka theluthi mbili kuibadilisha, imesema ya wabunge wote. Haikusema ya waliohudhuria.

Vivyo hivyo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nasikia watu wakilalamika kwamba wanawake wamepewa asilimia 4 tu ya mikopo. Hapana. Ni 4 ya mapato ya ndani. Katika fungu lenyewe la mikopo, wanawake wana 4 kati ya 10, yaani asilimia 40.

Bei zinapopanda na kushuka, asili inahama bila kukuaga. Gunia la mpunga likipanda kutoka 100,000 hadi 125,000, ongezeko ni 25,000 kati ya 100,000, asilimia 25. Likirudi 100,000, pungufu ni 25,000 kati ya 125,000, ambayo ni moja ya tano, asilimia 20. Limepanda kwa 25 na kushuka kwa 20, na limerudi palepale.

Kosa jingine ninalokutana nalo mara kwa mara ni kujumlisha asilimia mbili na kugawanya kwa mbili. Mkulima amejaribu mbegu za mahindi kwenye kitambaa chenye maji. Mara ya kwanza punje 20, zikaota 19: asilimia 95. Mara ya pili punje 80, zikaota 60: asilimia 75. Akachukua katikati, 85, akanunua mbegu kwa hesabu hiyo. Lakini punje zote zilikuwa 100 na zilizoota ni 79. Ukweli ni 79. Asilimia zenye asili tofauti haziunganishwi hivyo. Rudi kwenye kiasi na asili, jumlisha juu, jumlisha chini, kisha ugeuze upya. Kwako wewe, mashine zote mbili kwa pamoja zimetoa 113 kati ya 175, kama asilimia 64.6.

Na kurudi nyuma, kutoka asilimia kwenda kwenye kiasi, ni rahisi zaidi. Kwenye mfuko wa mbolea ya Urea imeandikwa 46. Hiyo ni asilimia 46 ya nitrojeni. Mfuko ni kilo 50, nusu ya mia, basi nitrojeni ni nusu ya 46: kilo 23. Mbolea ya DAP imeandikwa 18-46-0: katika kilo 50, nitrojeni ni kilo 9 tu na fosfeti kilo 23. Kwa hiyo DAP ni ya kupandia, na anayeitumia kukuzia mpunga analipia fosfeti ambayo mmea hauihitaji sana wakati huo.

Sasa binti. Alichofanya ni kugawanya 80 kwa 52. Amepata 1.538, akazidisha kwa 100, ikawa 153.8. Kama nilivyosema, asili ni kitu kizima, na mchele uliotoka ndani ya mpunga hauwezi kuwa mzito kuliko mpunga wenyewe, kwa hiyo asilimia ya mchele haiwezi kuzidi 100. Mfundishe ajiulize hilo kabla ya kugawanya: kipi kizima, kipi kimetoka ndani yake? Kizima kinakaa chini.

Lakini mwambie pia kwamba amejibu swali jingine bila kujua. 80 gawanya kwa 52 inakuambia kila kilo moja ya mchele imekula kilo 1.538 za mpunga, au ukipenda, mpunga ni asilimia 153.8 ya mchele. Hilo ni swali la mfanyabiashara. Mteja wa Mbeya akikupigia akataka kilo 300 za mchele kesho, mpe binti kalamu. Azidishe 300 kwa 1.538, au agawanye 300 kwa 0.65. Atakuambia utoe ghalani kilo 461 na nusu za mpunga.